Chuo Kidogo cha Ghorofani: Piga Hesabu Kabla Hujalipa Karo

Matokeo ya KCSE yakishatoka Januari, simu za wazazi wa Kapsoya, Eldoret, huanza kulia. Anayepiga ana sauti ya upole, anajua jina la mtoto, na wakati mwingine anajua hata gredi aliyopata. Anasema nafasi zimebaki chache, fomu ya kujiunga ni bure wiki hii tu, na masomo yanaanza Jumatatu. Huyo si mwalimu. Ni ajenti wa chuo, na mara nyingi hulipwa kwa kila mwanafunzi anayemleta.

Usimfokee, naye anatafuta unga. Ila kuna maswali mawili mazito ambayo hawezi kukujibu: darasani mtakuwa wangapi, na nani hasa atawafundisha? Bei iliyo kwenye kipeperushi haikuambii chochote mpaka uyajue hayo mawili.

Nawaandikia mzazi na kijana wa Kapsoya, Munyaka na mitaa ya jirani, ambao wana pesa kidogo mkononi na wameambiwa waamue kabla ya Ijumaa. Njia zilizopo ni nne: chuo cha umma, chuo cha ufundi cha kaunti, chuo kidogo cha binafsi, na fundi mwenye karakana. Nitakaa zaidi kwenye hicho cha binafsi, maana ndiko pesa hupotelea kimyakimya.

Tuanze na cha umma ili tupate bei ya kulinganishia. Eldoret, jiji tangu Agosti 2024, ina bahati ambayo miji mingi haina. Ina Eldoret National Polytechnic, ina Rift Valley Technical Training Institute, na kwa masomo ya afya kuna tawi la KMTC, chuo cha umma cha mafunzo ya tiba. Mtoto wa Kapsoya anaweza kusoma na kurudi kulala nyumbani.

Tangu 2018 karo ya vyuo hivi vya kiufundi ilikuwa Sh56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa Sh30,000 kwa kila mwanafunzi, mzazi akabaki na Sh26,420. Mfumo mpya wa ufadhili ulipotangazwa Mei 2023, ruzuku hiyo ya watu wote ikaondolewa kwa wanaoingia, na gharama ikapangwa hadi Sh67,189 kwa mwaka, ikigawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na mchango wa familia kwa kadiri ya uwezo wa nyumba.

Wengi wakisikia Sh67,189 hukimbia. Hiyo ni bei kabla ya ufadhili na mkopo. Asiyeomba ndiye anayekutana nayo nzima. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na ni shida kupata mkopo wa bei hiyo kwingine kokote mjini, hata kwenye chama cha akina mama.

Ubaya wa chuo cha umma nausema waziwazi. Pesa za serikali huchelewa, na zikichelewa chuo hukubana wewe. Madarasa hujaa. Kwenye karakana mashine moja hungojewa na wengi. Lakini jengo halihami mwisho wa mwezi kwa sababu kodi imeshinda, na mkufunzi akiondoka kuna mwajiri mwenye wajibu wa kuleta mwingine, hata kama atachelewa.

Sasa twende ghorofani.

Chuo kidogo cha binafsi unakijua. Chini kuna duka la dawa na la vifaa vya ujenzi, juu kuna bango lenye kozi ishirini: biashara, kompyuta, urembo, upishi, malezi ya watoto, afya ya jamii. Kiko karibu, kinapokea mwanafunzi mwezi wowote, kinakubali ulipe kwa awamu, na kina madarasa ya jioni kwa anayefanya kazi mchana. Hizo ni faida za kweli, na kwa mama mwenye mtoto mchanga au kijana anayeuza dukani huenda zikawa ndizo zinazoamua.

Tatizo liko kwenye hesabu za ndani. Tuchukue chuo cha mfano, kisicho cha mtu yeyote, tuweke tarakimu za kukisia. Kina wanafunzi 45, kila mmoja analipa Sh12,000 kwa muhula. Hiyo ni Sh540,000. Si wote humaliza karo. Tuseme 15 wamelipa nusu. Zimebaki Sh450,000.

Muhula pamoja na likizo yake ni miezi minne, na mwenye nyumba hajui likizo. Kodi ya Sh55,000 kwa mwezi inakula Sh220,000. Stima, maji, intaneti, mlinzi na mfagiaji kwa Sh20,000 kila mwezi, hizo ni Sh80,000. Ajenti ameleta wapya 20 kwa Sh2,000 kila kichwa: Sh40,000. Toa zote, unabaki na Sh110,000.

Hizo Sh110,000 ndizo za walimu, kabla mwenye chuo hajalipia leseni wala kujilipa mwenyewe. Akiajiri wakufunzi sita, kila mmoja atapata karibu Sh4,600 kwa mwezi. Akiajiri wawili, kila mmoja atapata Sh13,750. Basi ataajiri wawili, na mmoja wao atafundisha uhasibu, kompyuta, ujasiriamali na mawasiliano, awe amevisomea au hakuvisomea. Au atachukua wakufunzi wa kulipwa kwa saa, ambao siku wakipata saa nyingine kwenye chuo kinacholipa kwa wakati hawaonekani tena.

Chuo hichohicho kikipata wanafunzi 90 kwenye jengo lilelile, mambo yanabadilika. Kwa kipimo kilekile cha wadaiwa na kamisheni ya ajenti, zinabaki Sh520,000, na wakufunzi sita wanaweza kupata zaidi ya Sh21,000 kila mmoja kwa mwezi. Si pesa za kujivunia, lakini mtu anaweza kukaa nazo mwaka mzima bila kuhama. Ndiyo maana nasema idadi ya wanafunzi ni jambo lako, si siri ya mkurugenzi. Wakiwa wachache mno, mwalimu anakimbia. Wakijazwa kupita vyumba, unalipia kusimama mlangoni.

Na usiulize idadi ya chuo kizima, uliza ya kozi yako. Kozi yenye wanafunzi wanne inaingiza Sh48,000 kwa muhula kwenye mfano wetu. Haiwezi kumlipa mkufunzi wake. Kitakachofuata ni mojawapo ya mambo matatu. Mtaunganishwa na kozi nyingine inayofanana kwa mbali, au mtaambiwa msubiri wenzenu wa Mei, au mtashauriwa mbadilishe kozi mkiwa mmeshalipa. Nimeona vijana waliojiandikishia uhasibu wakimaliza na cheti cha usimamizi wa biashara kwa njia hiyo, na hakuna aliyewarudishia tofauti ya karo.

Kwa hiyo ukienda kutazama, usikubali kukalishwa ofisini na kupewa soda. Omba kuona jedwali la masomo lililo kwenye ubao wa matangazo. Nimewahi kusimama mbele ya jedwali la namna hiyo: herufi mbili za jina la mkufunzi mmoja zilikuwa Jumatatu asubuhi kwenye uhasibu, saa tano kwenye kompyuta, mchana kwenye ujasiriamali, na Jumanne zimejaza visanduku vitatu. Herufi za wakufunzi wengine wawili zilikatwa kwa kalamu nyekundu, na hakuna kilichoandikwa badala yake. Jumatano nzima ilisema "kujisomea". Karatasi hiyo ilikuwa imeeleza hali ya chuo vizuri kuliko kipeperushi chote cha rangi.

Kwenye chumba cha kompyuta, usihesabu skrini. Hesabu zinazowaka, kisha gawa kwa wanafunzi wa darasa moja. Kwenye chumba cha ushonaji, gusa kanyagio la cherehani uone kama lina vumbi. Halafu subiri ngazini saa ya mapumziko, umuulize mwanafunzi yeyote: tangu uanze, huyu mwalimu wenu wa sasa ni wa ngapi? Akijibu wa tatu na hata mwaka haujaisha, umepata jibu bila kulipa hata shilingi.

Wanaodhani chuo kikubwa cha binafsi hakiwezi kuanguka wakumbuke Marekani. Corinthian Colleges, kampuni iliyokuwa na vyuo vya kazi vya kibiashara huko, ilifunga matawi yake ya mwisho Aprili 2015, wanafunzi wapatao 16,000 wakiwa madarasani. Mwaka uliofuata ITT Technical Institute ikafunga nayo. Wanafunzi wa Corinthian walikuwa wamesoma kwa mikopo ya serikali, na mwaka 2022 serikali hiyo ikatangaza kufuta madeni yao ya dola bilioni 5.8. Wewe unalipa taslimu, kutoka kwa mahindi au kutoka kwa ng'ombe aliyeuzwa. Chuo kikifunga, hakuna deni la kufutwa, pesa imekwenda.

Tugeukie karo ambayo haiandikwi kwenye bango.

Tuendelee na Sh12,000 zetu za mfano. Kwa mihula mitatu ni Sh36,000 kwa mwaka, na kwa kuangalia juujuu ni karibu nusu ya chuo cha umma. Sasa ongeza: usajili Sh1,000, kitambulisho Sh500, vifaa vya mafunzo Sh2,000 kila muhula, mtihani Sh8,000, mafunzo ya kazini pamoja na bima yake Sh3,000, mahafali na joho Sh4,000. Hizo ni Sh22,500 zaidi. Jumla imefika Sh58,500. Tofauti na Sh67,189 za chuo cha umma, kabla ya ufadhili wala mkopo, ni Sh8,689 tu. Badilisha tarakimu hizi uweke za chuo unachokitazama. Mara chache utaona tofauti ileile uliyoahidiwa.

Kuna kozi zenye gharama zake za pembeni. Urembo na ususi una kichwa cha kufanyia mazoezi, nywele, rangi na dawa za kunyoosha, na mwanafunzi ndiye anayevileta. Upishi una unga, mayai na siagi za kila wiki. Kozi za mfumo mpya wa umahiri hutaka mwanafunzi aweke faili la ushahidi wa kazi alizofanya, na faili hilo lina picha, uchapishaji na kunakili karatasi. Mtoto atakuomba Sh200 leo, Sh300 keshokutwa, na hutaziona kwenye risiti yoyote.

Kisha kuna karo ya kurudia. Mkufunzi akiondoka katikati ya muhula na somo lisimalizike, mtihani haungoji. Aliyefeli hulipia kurudia, na wakati mwingine hulipia muhula mzima. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote zilizofichwa. Mzazi huidhania ni uzembe wa mtoto, kumbe ilianzia kwenye mshahara wa mkufunzi ambao haukulipwa.

Kwa haki, chuo cha mtaani kina akiba moja ya kweli: nauli. Anayekwenda mjini kwa Sh100 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 12, anatumia Sh6,000 kwa muhula, Sh18,000 kwa mwaka. Chakula cha mchana nacho. Anayetembea kwa miguu kutoka nyumbani Kapsoya hadi darasani na kurudi kula ugali wa kwao anaokoa hizo zote. Ziweke kwenye hesabu yako. Kwa kozi ya miezi mitatu, nauli inaweza kuamua. Kwa diploma ya miaka miwili au mitatu, cheti na mwalimu ndivyo vinavyoamua.

Tukitaja cheti, hapo pia pana mtego.

Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013 iliunda mamlaka ya TVETA, inayosajili na kutoa leseni kwa vyuo na kwa wakufunzi pia. Swali si "mmesajiliwa?" Wote watasema ndiyo na kukuonyesha karatasi yenye fremu ukutani. Maswali yako ni haya: leseni inaisha lini? Kozi yangu hii imo kwenye zile mlizoidhinishiwa? Wakufunzi wa kozi hii wana leseni ya TVETA? Mamlaka huweka orodha ya vyuo kwenye tovuti yake, na kuitazama kwenye simu hakuzidi dakika chache. Jina liwe lilelile, herufi kwa herufi, na tawi liwe lilelile. Leseni ya tawi la mji mwingine haifuniki ghorofa ya Kapsoya.

Halafu uliza nani anatunga mtihani. Majibu mazuri ni machache: TVET CDACC kwa kozi za umahiri, KASNEB kwa uhasibu, NITA kwa majaribio ya ufundi, au KNEC pale ambapo bado inamalizana na wanafunzi wa mtaala wake wa zamani. Jibu likiwa "tuna mtihani wetu wa ndani", cheti hicho kitakusaidia kwa mwajiri anayemjua mkurugenzi, basi. Na chuo kinaweza kuwa na leseni lakini kisiwe kituo cha mtihani cha kozi yako. Utapelekwa kufanyia kwingine, na nauli na malipo ya huko ni juu yako.

Masomo ya afya yana mlango wa pili, na huu ndio uwanja wenye vilio vingi Eldoret. Mji una hospitali ya rufaa ya Moi, una kliniki kila kona, na kila mzazi anamtaka mtoto wake avae koti jeupe. Baraza la Wauguzi la Kenya husajili wauguzi; "msaidizi wa muuguzi" wa miezi sita hayumo kwenye sajili yake. Mafunzo ya famasia yanahitaji idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Maabara ina bodi yake, matabibu wana baraza lao. Kama chuo hakina idhini ya hao, diploma yake haitakupa leseni ya kufanya kazi, hata ikiwa ya miaka mitatu na imegharimu shamba.

Kozi ya kutunza wazee na wagonjwa nyumbani inaweza kumpatia mtu kazi, hapa au ng'ambo. Ilipie kama kozi ya utunzaji, kwa bei ya kozi fupi. Ikiuzwa kwa bei ya uuguzi, au ikifungwa pamoja na ahadi ya viza, achana nayo. Jiji hili lina kumbukumbu mbichi ya mambo hayo: mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini wakidai fedha walizolipa kwenye mpango wa kaunti wa kupeleka vijana kusoma Finland na Canada. Fedha zao zilipitia kwenye akaunti ya mfuko wa mpango huo badala ya kwenda moja kwa moja vyuoni. Anayetaka karo ya chuo chochote ipite mikononi mwake kwanza, mnyime.

Njia mbili zilizobaki nitazisema kwa ufupi, si kwa sababu ni duni.

Vyuo vya ufundi vya kaunti, vile ambavyo wazee bado wanaviita polytechnic za kijiji, ni vya bei ya chini kuliko vyote hivi, na havibagui gredi. Kozi zake ni za mikono: ushonaji, uashi, umeme wa nyumba, magari, useremala. Vifaa vingine vimechakaa, na vijana huviona kama vya waliofeli. Kwa mwenye D au E ambaye anataka kushika kazi ndani ya mwaka mmoja au miwili, hapa ndipo pesa yake inakaa vizuri zaidi.

Fundi wa karakana ndiye nafuu ya mwisho. Unampa kitu kidogo cha kuanzia, au humpi chochote, na mtoto anafua vyuma, anapaka rangi, anashona kanzu. Mkataba ni wa mdomo, na fundi mwingine humtuma mwanagenzi maji na chai mwaka mzima bila kumwonyesha kazi. Wekeni muda, na mkubaliane ni kazi zipi atakuwa amezijua kufikia mwezi gani. Kisha akafanye jaribio la NITA la daraja la tatu, ili ujuzi uwe na karatasi. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, iliyozinduliwa 2024, nayo imewafungulia mafundi wa namna hiyo mlango wa kupimwa na kupewa cheti.

Ukiamua chuo cha binafsi baada ya yote haya, lipa kwa akili.

Omba muundo wote wa karo kwa maandishi, wa kozi nzima hadi mahafali, uwe na mhuri na tarehe. Kipengele cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma anayoinunua, huombi hisani. Chuo kinachokataa kuandika karo yake kimeshakwambia kitakavyokufanyia muhula wa tatu.

Lipa kwa akaunti au nambari ya malipo yenye jina la chuo, kamwe si kwa simu ya ajenti wala ya karani. Lipa muhula mmoja. Ukiambiwa ulipe mwaka mzima upunguziwe asilimia 10, kataa: kwenye Sh36,000 zetu utaokoa Sh3,600, lakini wakufunzi wakiondoka baada ya muhula wa kwanza, Sh20,400 zako zimebaki huko.

Basari nayo ni pesa. Hundi ya mfuko wa jimbo, NG-CDF ya Ainabkoi, au ya kaunti huandikwa kwa jina la chuo, na mtoto akihama hundi haihami naye. Kwa hiyo usiwahishe basari kwenye chuo usichokuwa na hakika nacho. Na mkopo wa HELB wa vyuo vya kiufundi umewalenga wanafunzi wa vyuo vya umma. Ajenti akisema chuo chake "kinachukua HELB", akuonyeshe jina la chuo kwenye ukurasa wa maombi wa HELB wenyewe kabla hujatoa kitu.

Uliza sharti la kurudishiwa pesa, liandikwe: kozi isipoanza katika wiki tatu, au mkufunzi akikosekana kwa muda fulani, narudishiwa kiasi gani? Mambo yakiharibika, kusanya risiti, jedwali la masomo ulilolipiga picha siku ya kwanza, na ujumbe wa simu wa ajenti. TVETA hupokea malalamiko. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na huhitaji wakili kusimama mbele yake.

Na vipi kwa aliye na Sh15,000 tu mkononi, na simu ya ajenti inalia tena?

Kwanza, hiyo Ijumaa ni ya ajenti. Vyuo vya umma hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, kwa hiyo aliyechelewa mwezi huu amepoteza miezi minne, hakupoteza mwaka. Mwenye C- na kuendelea aombe diploma ya chuo cha umma kupitia KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, au moja kwa moja chuoni, na siku hiyohiyo aanze kujaza maombi ya ufadhili na mkopo. Mwenye D aombe cheti. Asiwape watu wa ghorofani Kapsoya miaka mitatu ya diploma kwa sababu tu ngazi ziko karibu.

Miezi hiyo minne ya kungoja ndiyo chuo kidogo kinaweza kuihudumia vizuri. Kozi ya kompyuta ya wiki chache, au ya ususi au uokaji, inafundishwa na mtu mmoja unayemwona kwa macho, kwenye mashine unayoigusa, na inaisha kabla matatizo ya mshahara wake hayajakufikia. Lipa kwa mwezi, chukua risiti, tumia Sh5,000 au Sh6,000, na kinachobaki kiweke kando kwa sare, nauli na sehemu ya kwanza ya karo ya Mei.